Vielelezo vya Programu na Kazi ya Timu: Nani Mlinzi wa Maana?

Miongoni mwa wanafunzi wa Kiswahili imezoeleka imani kwamba uundaji wa programu za tarakilishi ni kazi ya hesabu na umeme, jambo wasilolijua ndewe wala sikio na wasilotakiwa kulijua. Imani hiyo ina pacha wake katika idara za sayansi ya tarakilishi, ambako mambo ya istilahi, fasili na usanifishaji huachiwa watu wa kamusi. Pande zote mbili zimekosea, na kosa lao lina gharama. Programu kubwa haijengwi na mtu mmoja. Hujengwa na timu, na timu hiyo hulazimika kukubaliana juu ya kile inachokijenga kabla na wakati wa kuandika msimbo. Makubaliano hayo ndiyo yanayowekwa katika vielelezo vya usanifu, yaani michoro, majedwali na maelezo yanayoonyesha ni vitu gani vimo katika mfumo, vinahusianaje, na ni nani anayeruhusiwa kuvibadilisha. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kuvipanga na kuvitunza vielelezo hivyo ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya mitambo, na kwamba timu isiyokuwa na mlinzi wa maana huishia kujenga mifumo miwili chini ya paa moja.

Frederick Brooks, aliyesimamia uundaji wa programu endeshi ya tarakilishi za IBM System/360 katika miaka ya 1960, alilieleza tatizo la timu kwa hesabu nyepesi katika kitabu chake The Mythical Man-Month cha mwaka 1975. Watu 3 wana njia 3 za kuzungumza wawili wawili. Watu 10 wana njia 45. Watu 50 wana njia 1,225. Ndiyo maana, kwa mujibu wa Brooks, kuongeza watu katika mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi. Katika njia hizo zote 1,225 neno moja laweza kubeba maana mbili bila ya yeyote kutambua. Brooks alishikilia kwamba sifa iliyo muhimu kuliko zote katika mfumo ni umoja wa dhana: mfumo uonekane kana kwamba umetoka katika akili moja, hata kama umepita katika mikono mingi.

Anayedhani kwamba hilo ni suala la wanafalsafa na akumbuke chombo cha anga cha Mars Climate Orbiter, kilichopotea tarehe 23 Septemba 1999 kilipofika katika sayari ya Mirihi. Programu iliyotayarishwa na kampuni ya Lockheed Martin ilikuwa ikitoa msukumo wa injini ndogo za chombo kwa vipimo vya Kiingereza vya ratili. Wataalamu wa shirika la NASA waliokuwa wakiongoza safari walizisoma nambari hizo kama newton-sekunde, jinsi hati ya makubaliano ilivyotaka. Tofauti ya vipimo hivyo ni mara 4.45. Hakuna aliyekosea kujumlisha. Timu mbili zilikuwa na jina moja la kitu kimoja, lakini hazikuwa na fasili moja, na chombo kikaingia chini mno katika anga ya Mirihi kikaangamia.

Sarufi bila msamiati

Katika miaka ya 1990 ilidhaniwa kwamba dawa imepatikana. Grady Booch, James Rumbaugh na Ivar Jacobson, ambao hapo awali kila mmoja alikuwa na namna yake ya kuchora mifumo, waliunganisha mbinu zao wakiwa katika kampuni ya Rational, na mnamo Novemba 1997 lugha ya michoro iitwayo UML ikapitishwa rasmi na shirika la Object Management Group. Mwanafunzi wa isimujamii atalitambua tukio hilo mara moja: lahaja tatu zilisanifishwa zikawa lugha moja. Lugha hiyo ina sarufi yake. Mstatili huwakilisha aina ya kitu, mstari huwakilisha uhusiano, na mshale wenye kichwa kitupu huwakilisha urithi.

Hata hivyo UML ni sarufi tu. Haina msamiati. Haiwezi kuiambia timu kwamba mstatili ulioandikwa 'mteja' na ofisi ya mauzo ndio uleule ulioandikwa 'mteja' na ofisi ya madeni, wala haiwezi kuikanya iwapo si uleule. Sentensi yaweza kuwa sahihi kisarufi na bado isiwe na maana, kama kila mwanafunzi wa sintaksia ajuavyo. Vivyo hivyo mchoro. Makampuni mengi yalinunua programu ghali za kuchorea, yakapamba kuta kwa michoro safi isiyo na kasoro ya alama hata moja, kisha yakashangaa kuona waunda programu wakiipita bila kuitazama. Mchoro wa ukutani huanza kuzeeka siku msimbo unapobadilishwa, na baada ya miezi michache unakuwa kama ramani ya mji uliokwisha kuhama.

Mwaka 2001 wataalamu 17 walikutana Utah, Marekani, wakatoa tamko lililosema kwamba wanaithamini programu inayofanya kazi kuliko hati nyingi za maelezo. Tangu hapo wako wanaolitumia tamko hilo kama ruhusa ya kutoandika chochote. Ni usomaji wa kivivu. Tamko lenyewe halikukana thamani ya hati. Lilipanga tu kipi kitangulie. Timu isiyo na kielelezo kilichoandikwa ina vielelezo vingi, kimoja katika kila kichwa, na hakuna awezaye kuvilinganisha.

Eric Evans alikikaribia kiini cha jambo katika kitabu chake Domain-Driven Design cha mwaka 2003. Alidai kwamba timu iunde lugha moja itakayozungumzwa na wataalamu wa shughuli husika pamoja na waunda programu, na kwamba maneno ya lugha hiyo ndiyo yaonekane katika mazungumzo, katika michoro na katika msimbo wenyewe. Tena akaongeza jambo ambalo wapenda usanifishaji hulisahau: katika shirika kubwa lugha hiyo haiwezi kuwa moja kila mahali. Kila eneo la shughuli liwe na mipaka yake iliyo wazi, ndani ya mipaka hiyo neno liwe na maana moja, na penye mpaka pawekwe tafsiri.

Kamusi ya Eldoret

Mfano mzuri kuliko yote wa nadharia hiyo hauhitaji kutafutwa California. Uko Eldoret. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, walianzisha mpango wa AMPATH wa kuwahudumia watu wanaoishi na virusi vya ukimwi. Wakati huo kituo cha afya cha Mosoriot, nje ya mji, kilikuwa kimeanza kuweka kumbukumbu za wagonjwa katika mfumo mdogo uliojengwa kwa programu ya Microsoft Access. Mfumo huo ulikifaa kituo. Lakini wagonjwa walipoongezeka na vituo vikazidi, umbo lake likaanza kubana. Katika mifumo mingi ya aina hiyo, kila swali linaloulizwa mgonjwa lina safu yake katika jedwali la hifadhidata. Daktari akitaka kuuliza jambo jipya hana budi kumwendea mwanaprogramu, jedwali lipanuliwe, fomu ibadilishwe, ripoti zirekebishwe. Na katika tiba ya ukimwi ya miaka ile mambo mapya yalikuja karibu kila mwezi.

Burke Mamlin na Paul Biondich, madaktari wa Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, walikwenda Eldoret mwaka 2004 kusaidia kuupanua mfumo. Kilichotangulia katika kazi yao kilikuwa kielelezo, na kiini cha kielelezo hicho kilikuwa kamusi. Hili si tamathali ya usemi. Sehemu hiyo yenyewe inaitwa kamusi ya dhana, na wazo lake lilirithiwa kutoka kwa mfumo wa Regenstrief uliokuwa ukitumika tangu miaka ya 1970. Kila jambo linaloweza kuulizwa au kujibiwa kumhusu mgonjwa, liwe ni uzito wa mwili, homa, idadi ya seli za CD4 au jina la dawa, huwa ni dhana moja katika kamusi. Dhana hupewa nambari yake, aina ya thamani inayoipokea, kundi lake, fasili, jina moja kamili katika kila lugha, na visawe kadiri vinavyohitajika. Kinachoandikwa juu ya mgonjwa ni uchunguzi: mtu huyu, siku hii, dhana hii, thamani hii. Swali jipya likija, halihitaji safu mpya katika jedwali. Linahitaji kidahizo kipya.

Mwanafunzi wa leksikografia hatahitaji kuambiwa thamani ya mpango huo, kwa sababu ni mpango anaoujua. Nambari ni ya dhana, majina ni nguo zake. Karani wa Kigali aweza kulisoma jina la Kifaransa na mwenzake wa Eldoret akalisoma la Kiingereza, na wote wawili wakawa wameandika jambo lilelile. Mfumo huo ulipewa jina la OpenMRS, ukaanza kutumika katika AMPATH mwaka 2006, na mwaka huohuo ukaingia Rwanda kupitia shirika la Partners In Health, na Afrika Kusini pia. Mfumo wa KenyaEMR, uliokuja baadaye kutumika katika vituo vya afya vya umma nchini Kenya, umejengwa juu yake.

Watu walioujenga walitawanyika katika mabara kadhaa na wengi wao hawakuwahi kukaa chumba kimoja. Kilichowaunganisha ni kiini kidogo cha kielelezo, chenye istilahi chache zilizolindwa kwa wivu: mtu, mgonjwa, mahali, fomu, dhana, uchunguzi. Nje ya kiini hicho kila timu iliruhusiwa kujenga moduli zake bila kukigusa.

Inafaa kukaa kidogo juu ya istilahi hizo, maana ndimo uhondo ulimo. 'Mtu' na 'mgonjwa' katika OpenMRS ni vitu viwili. Mgonjwa ni mtu, lakini muuguzi naye ni mtu, na mama wa mtoto anayetibiwa ni mtu hata kama yeye mwenyewe hajawahi kulala hospitalini. Muuguzi huyo akiugua kesho, haundwi upya. Huongezewa tu hadhi ya mgonjwa juu ya utu alio nao. Ni tofauti ambayo Kiswahili kinaibeba bila taabu katika maneno hayo mawili, lakini mifumo mingi imeikosa, ikamwandika mtu mmoja mara mbili kwa kuwa alikuja kwa milango miwili.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Tangu awali kielelezo kilikuwa na kipengele cha tukio moja la kumhudumia mgonjwa, kile ambacho kwa Kiswahili chaweza kuitwa 'maonano': mgonjwa ameonana na karani, ameonana na muuguzi aliyempima joto, ameonana na daktari. Kila onano lina saa yake na mhudumu wake. Lakini mgonjwa mwenyewe akiulizwa amefika kliniki mara ngapi, atajibu kuwa amefika mara moja. Hilo la pili, yaani hudhurio, halikuwa na mahali pake katika kiini cha kielelezo hadi toleo la 1.9 la mwaka 2012. Kwa miaka kadhaa basi kila timu iliyotaka kuhesabu mahudhurio ililazimika kubuni njia yake ya kuyakusanya maonano ya siku moja. Upungufu wa neno moja katika kiini ulizaa fasili nyingi pembezoni.

Mfano wa tatu ni wa maneno kufa. Katika kamusi ya OpenMRS dhana isiyotakiwa tena haifutwi, hustaafishwa, na sababu ya kustaafishwa huandikwa. Rekodi za miaka iliyopita zinaitegemea. Kuifuta ni kuwafanya wagonjwa wa mwaka 2006 waseme jambo lisilojulikana. Hatari zaidi ya kufuta ni kubadilisha maana kimyakimya huku jina na nambari vikibaki vilevile, kwa kuwa hapo rekodi za zamani hazitanyamaza, zitasema uongo. Mabadiliko ya kimaana yanayoisisimua isimu historia ni sumu katika hifadhidata.

Uhuru nao una hasara zake. Vituo vilivyojitungia dhana kila kimoja kwa wakati wake vilijikuta na nambari tofauti kwa jambo moja, na takwimu zao hazikuweza kujumlishwa. Ndipo ilipoonekana thamani ya kamusi ya pamoja iitwayo CIEL, iliyoanzishwa na Andrew Kanter wa Chuo Kikuu cha Columbia, ambayo huzihusisha dhana zake na orodha za kimataifa kama vile ICD-10, LOINC na SNOMED CT. Kituo kipya hakilazimiki kuanza na ukurasa mtupu.

Mgawanyo wa kazi

Likishakubaliwa hilo la msamiati, hubaki swali la nani ashike nini. Mnamo mwaka 1968 Melvin Conway alitoa hoja kwamba shirika huunda mifumo inayofanana na njia zake lenyewe za mawasiliano. Ofisi mbili zisizosalimiana zitazaa sehemu mbili za programu zisizosikizana. David Parnas akaonyesha mwaka 1972 kwamba mfumo usikatwe kwa kufuata hatua za utekelezaji, hatua ya kwanza kwa timu hii na ya pili kwa timu ile. Ukatwe kwa kufuata maamuzi yanayoweza kubadilika, na kila uamuzi wa namna hiyo ufichwe ndani ya sehemu moja tu.

Watungaji wa kamusi wameyaonja haya. Njia iliyo rahisi ya kuigawa kamusi kwa wahariri ni kwa herufi: huyu achukue M, yule achukue U. Kazi huenda mbio. Kisha mchana hufasiliwa na mtu mmoja na usiku ukafasiliwa na mwingine, na fasili hizo mbili zikawa hazijawahi kukutana. Mhariri anayegawa kwa nyanja, jamaa kwa huyu na mavazi kwa yule, hutaabika mwanzoni na kupumzika mwishoni. Katika mfumo wa hospitali vifurushi vya kielelezo vigawanywe kwa mtindo huohuo: usajili, maabara, dawa, malipo. Kila kifurushi kiwe na mwenyewe anayejulikana kwa jina. Wengine wayatumie maneno yake, lakini wasiyabadilishe bila kubisha hodi. Na vifurushi visitegemeane kwa duara, usajili ukaeleweka kwa kurejelea malipo na malipo yakaeleweka kwa kurejelea usajili, kama kamusi inayomfasili tajiri kuwa ni asiye maskini na maskini kuwa ni asiye tajiri.

Kuhusu mitambo, maneno machache yatatosha. Mfumo wa Git, uliobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005 na ambao timu nyingi huutumia kuhifadhi matoleo ya kazi zao, hulinganisha maandishi mstari kwa mstari. Mchoro uliohifadhiwa kama faili moja kubwa haulinganishiki kwa njia hiyo. Mtu akisogeza kisanduku kidogo upande wa kulia, mitambo huona mabadiliko mengi, na kazi ya mwenzake aliyeongeza uhusiano mpya inagongana na yake. Kwa hiyo ama kielelezo kiandikwe kama maandishi mafupi katika faili ndogondogo na michoro itokane na maandishi hayo, ama kiini kifungwe na mtu mmoja akibadilishe kwa zamu. Njia ya kwanza ndiyo inayosifiwa leo. Hata hivyo kwa kile kiini chenye istilahi chache, kufunga mlango si aibu. Jambo lisilofaa kabisa ni kielelezo kukaa mbali na msimbo, katika tarakilishi ya mtu mmoja, kikisubiri siku ya mkaguzi.

Istilahi za Kiswahili

Yote haya yanakigusa Kiswahili kwa karibu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Katika kipindi hichohicho kampuni ya Microsoft ilikuwa ikiandaa vifurushi vya Kiswahili vya bidhaa zake. Zilikuwa juhudi za kupongezwa. Lakini hadi leo mashine moja ina majina ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Kifaa kinachoshikwa kiganjani ni kipanya kwa huyu, puku kwa yule na mausi kwa mwingine. Na ubao wa kuchapia ni kibodi, baobonye au kicharazio. Wanaolalamikia wingi huo wanalalamikia pasipostahili. Usinonimia ni utajiri, na hakuna kamusi ya dhana inayoukataza. Upungufu ni kwamba majina hayo hayajafungwa kwenye dhana yenye nambari, fasili, tarehe na mlinzi. Kila mradi wa tafsiri huanza upya, hutunga orodha yake, huimaliza, na orodha hiyo hufia katika droo ya mtafsiri.

Kiswahili kinajua faida na uchungu wa kuwa na mlinzi. Kamati ya lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 iliupa ulimwengu wa Waswahili tahajia moja na vitabu vya shule vinavyosomeka kutoka Lamu hadi Kigoma. Ilifanya hivyo juu ya msingi wa Kiunguja, na Mombasa haikusahau kwamba Kimvita, lahaja ya washairi wake wakubwa, kiliwekwa kando. Kamusi ya dhana ingeweza kuwatendea haki wote wawili, kwa kuwa haihitaji kuchagua neno moja na kuyaua mengine. Huchagua jina la kutangulizwa na kuyaorodhesha yaliyobaki mahali pamoja. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vya Kenya vina watu, vina muda wa likizo, na vina wahadhiri waliobobea katika leksikografia. Orodha ya dhana 300 za uwanja mmoja tu, uandikishaji wa wagonjwa kwa mfano, iliyowekwa hadharani pamoja na historia ya kila badiliko, ingewafaa watafsiri kuliko makongamano kadhaa juu ya nafasi ya Kiswahili katika sayansi na teknolojia.

Yako pingamizi yanayosikika vyuoni kwamba mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kuketi na waunda programu kwa kuwa hajui msimbo. Pingamizi hayo yangekuwa na uzito kama maswali yanayokwamisha timu yangekuwa ya msimbo. Mengi si ya msimbo. Mtoto mchanga ambaye hajapewa jina huandikwa vipi? 'Jina la familia' la mtu aitwaye Ali Juma Hamisi ni lipi, ikiwa Juma ni babake, Hamisi ni babu yake, na hakuna ukoo unaotajwa? Mgonjwa aliyefariki anaendelea kuwa mgonjwa?

Liko pia swali la jamaa. Katika orodha ya mahusiano ya mwanzo inayokuja na OpenMRS kuna uhusiano wa mzazi na mtoto, wa ndugu kwa ndugu, na mmoja unaowakusanya shangazi na wajomba kwa maana ya Kiingereza, upande mmoja, na watoto wa ndugu zao upande wa pili. Kwa Kiingereza inatosha. Kwa Kiswahili uhusiano huo mmoja umewameza watu wanne: mjomba, ami, shangazi na mama mdogo. Mtu atasema kwamba hayo ni mambo ya adabu na hayana kazi hospitalini. Basi na achukuliwe mvulana aliyeletwa kliniki akivuja damu isiyoganda, na daktari akawa anashuku hemofilia. Hemofilia hupitishwa kwa kromosomu ya X, ambayo mwana wa kiume huipata kwa mamake peke yake. Mjomba aliyekuwa na maradhi hayo ni ushahidi mzito. Ami aliyekuwa nayo si ushahidi wa urithi hata kidogo, kwa sababu mvulana hakupata kromosomu ya X upande huo. Rekodi iliyoandikwa kwa uhusiano mmoja wa Kiingereza haiwezi kumwambia daktari ni yupi kati ya hao wawili, ilhali mama wa mtoto, aliyeulizwa kwa Kiswahili pale kwenye dirisha la usajili, alikwisha kusema 'mjomba wake', na karani akalifuta jibu hilo kwa kuchagua kilichokuwamo katika menyu.

Mfumo unaruhusu mahusiano mapya kuongezwa bila kugusa msimbo. Yanahitajika majina manne, fasili nne zinazotaja upande wa mama au wa baba, kauli ya wazi juu ya iwapo ami na baba mdogo ni visawe au la, na mtu wa kuyaandika.